Ubeti wa Pili wa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumanne moja ya mwezi wa kumi, jioni, ukungu umeshashuka hadi kwenye migomba, na Baba amesimama nyuma ya banda la ng'ombe na violini begani. Mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nimeshika daftari la Jiografia kana kwamba nasoma. Akapiga ubeti wa kwanza wa wimbo wa Noeli, ukakwaruza kama siku zote. Akapumua. Akapiga wa pili, na ule wa pili ukatoka. Wote, mwanzo hadi mwisho, safi kabisa. Hata ng'ombe aliacha kutafuna, au labda mimi ndiye niliyeona hivyo.

Baba akateremsha upinde, akanitazama. Mimi nikainamisha uso kwenye daftari.

Nakuita mwanangu ingawa hujazaliwa, na sijui kama utazaliwa. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na najua wanaotoa nasaha ni watu wenye mvi. Lakini mdomo wangu haunisaidii mbele za watu. Mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu ninalo, nasimama, natazama viatu, nakaa. Kwenye daftari naweza kusema, na wa kumwambia sina ila wewe. Basi nivumilie nikijifanya mzee kwa kurasa chache.

Baba alijifunza violini akiwa mvulana seminarini, kwa padre mmoja Mzungu aliyekuwa akichapa vidole kwa rula. Kisha Babu akafariki. Baba ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, migomba na kahawa. Akaacha masomo akarudi kumtunza Bibi, na padre akamwambia aondoke na ile violini. Baba akaisukuma chini ya kitanda, ndani ya sanduku lake. Akaoa, akapata kazi ya kupima magunia kwenye kiwanda cha kahawa mjini Moshi, na violini ikakaa pale chini miaka zaidi ya ishirini. Mimi nilidhani lile ni sanduku la vyeti.

Halafu wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, kiwandani wakapunguza watu, na Baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Huo ulikuwa mwezi wa sita. Majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Baba hakung'oa. Alikaa barazani wiki mbili bila kunyoa ndevu, kisha asubuhi moja akapiga magoti, akalivuta lile sanduku.

Mwanangu, sijui kama umewahi kumsikia mtu mzima akirudia kujifunza violini. Mtoto akikosea watu husema anajifunza. Mtu mzima akikosea wanasema amechanganyikiwa. Vidole vya Baba vilikuwa vimezoea magunia na jembe, havikutaka kupinda. Masikio yake yalikumbuka kila kitu na mikono haikukumbuka kitu, na hapo katikati ndipo alipoteseka. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, akaweka badala yake uzi mwembamba aliouchambua kwenye waya wa breki ya baiskeli. Utomvu wa kupaka kwenye upinde aliugema mwenyewe kwenye msindano kule juu kwenye shamba la miti. Na kila Jumamosi alikata kucha za mkono wa kushoto kwa wembe, fupi kabisa hadi nyama ikaonekana, maana ukucha ukigusa uzi sauti inaharibika. Za mkono wa kulia aliziacha. Ukimsalimia kwa mikono miwili ungedhani umewashika watu wawili.

"Hilo zeze limemkosea nini Mungu?" Bibi alimuuliza siku ya kwanza, akiwa jikoni kwake anamenya ndizi.

"Livumilie, Mama. Lilikaa gizani sana."

"Basi lirudishe gizani mpaka nife."

Wakacheka wote wawili. Bibi alilitukana lile zeze kila siku ya Mungu, lakini kila jioni alisogeza kigoda chake mlangoni.

Mimi Baba aliniita pembeni. "Sabina, wewe una masikio. Kwaya unaimba sauti ya pili hata kama hufungui mdomo vizuri, nakusikia. Uwe unakaa na mimi hapa. Ikiwa mbaya usiniambie, hilo nalijua. Ila ikikaa sawa, niambie. Iko karibu mno na sikio langu, mimi mwenyewe siwezi kujua."

Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Kusema neno moja siku likihitajika.

Ndiyo maana nimeanza na ile Jumanne. Ubeti wa pili ulipotoka, Baba aliita taratibu, "Sabina?"

"Abee, Baba."

"Vipi huo?"

Nilikuwa nalo neno mdomoni, mwanangu. Nakuapia nilikuwa nalo. Lakini niliogopa sauti yangu itatetemeka, niliogopa atafurahi sana, na zaidi niliogopa atatoka nayo nje kwa watu. Nikasema, "Maji ya ng'ombe yamekwisha, ngoja nikachote." Nikaondoka na ile ndoo niliyokuwa nimeikalia.

Alitoka nayo nje hivyo hivyo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja alimwendea mwalimu wa kwaya, wakakubaliana kwamba Misa ya Noeli, kabla kinanda hakijaanza, Baba apige ubeti mmoja peke yake. Huku kwetu kila aliyeondoka hurudi mlimani Desemba. Wanakuja na magari, na viatu vipya, na habari za walikofika. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, huja kutoka Dar na kuchinja mbuzi. Baba mwaka huo hakuwa na kazi wala kiatu kipya. Alikuwa na huo ubeti.

Mtoto wa Baba Mkubwa, Deo, alitangulia kufika shule zilipofungwa. Jioni ya kwanza alisimama uani, kichwa kakipinda.

"Duh! Sabina, dingi wako anachinja paka?"

"Anafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya Noeli. Kanisani."

"Mbele za watu?" Akashika tumbo. "Aisee, mwaka huu sikai nyuma. Nakaa benchi la kwanza na wana wote."

Kesho yake pale bombani alichukua bua la mgomba na fimbo, akafumba macho kama Baba anavyofumba, akalia nyau. Wasichana wa kwaya wakacheka hadi ndoo zikamwagika. Nami, mwanangu, nilicheka. Nilicheka kidogo, kwa chini, lakini nilicheka.

Siku tatu kabla ya Noeli, Baba akiwa ameshuka na Mama kwenda soko la Himo, niliichukua violini na upinde wake, nikavitia kwenye gunia, nikapanda kwenye dari ya jiko la Bibi. Ni pale juu ya moto, Bibi anapoivishia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilizisogeza ndizi, nikalaza gunia nyuma kabisa, nikazirudishia. Nilipanga vizuri: Noeli ipite, wa Dar waondoke, niirudishe chini ya kitanda, Baba aendelee nyuma ya banda bila mtu kumcheka. Nilijiambia namkinga. Na sikufikiri kwamba Bibi, kwa ajili ya mbege ya sikukuu, angekoka ule moto bila kuuzima, mchana na usiku.

Baba alitafuta hadi kwenye majani ya ng'ombe. Hakupiga kelele wala hakumtuhumu mtu. Alienda kwa mwalimu wa kwaya kumwambia kwamba hatapiga. Baba Mkubwa alipopata habari akampiga begani: "Mangi, wezi wa huku wamestaarabika siku hizi. Wanaacha kuku, wanaiba zeze!" Watu wakacheka. Baba akacheka nao, na mimi nikampelekea Baba Mkubwa maji ya kunawa.

Kanisani Baba alikaa karibu na nguzo. Kinanda kilipoanza nilikuwa juu na kwaya, namwona vizuri. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya benchi la mbele yake, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, hadi mwisho.

Gari la Dar liliondoka siku mbili baadaye. Nikapanda dari. Gunia lilikuwa na joto kama mkate. Nilipolifungua chini, shingo ya violini ilibaki mkononi mwangu na tumbo likabaki kwenye gunia, uso wake umebanduka kama kifuniko cha boksi. Ile gundi ya zamani ilikuwa imeyeyuka yote. Mbao zilikuwa zimepinda, na zilinuka moshi na ndizi mbivu.

Bibi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Kumbe ni wewe."

Nikairudisha ile shingo kwenye gunia.

"Mimi nililitukana zeze lake kila siku," akasema, "na kila siku nilikaa nikalisikiliza. Hata likilia vibaya nilijua mwanangu yuko hai. Wewe hukuwahi kulitukana. Ulikaa tu pale juu ya ndoo, kimya, naye akakuamini." Akanionyesha mpakani mwa kihamba kwa kidevu. "Nenda kachume isale."

Isale ni mmea unaopandwa mipakani, wenye majani marefu. Kwetu aliyekosa akimpelekea jani lake aliyemkosea, huyo hawezi kukataa kusamehe. Imekuwa hivyo tangu kabla ya padre yeyote kupanda mlima huu. Nilichuma, nikalifunga fundo kama Bibi alivyonielekeza, nikaenda kupiga magoti mbele ya Baba barazani, jani mkono huu, vipande vya violini vimelazwa chini kwenye gunia.

Alivitazama kimoja kimoja. Kisha akalipokea jani, akalitia kwenye mfuko wa shati.

"Simama, mama. Nimesamehe."

Nikabaki chini, nalia.

"Kuna kitu kimoja tu nataka kujua," akasema. "Ile Jumanne ya mwezi wa kumi. Ubeti wa pili. Mimi nilihisi umekaa sawa. Ulikaa sawa, au nilijidanganya?"

Mwanangu, hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu ya mwisho, na niliijua kabisa. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Baba alingoja. Alingoja kweli, hadi ng'ombe akalia njaa huko nyuma.

"Basi," akasema, na akasema kwa upole. "Nilijidanganya. Nilijua tu." Akainuka kwenda kukata majani.

Usidhani sikumwambia. Nilimwambia, wiki tatu baadaye, akiwa ananoa panga. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba ubeti ulitoka, wote, safi, hata ng'ombe aliacha kutafuna. Akanipapasa kichwani. "Asante, mama. Una moyo mzuri." Alidhani nampa pole. Kila nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma, mpaka nikanyamaza. Neno hilo ningelisema ile Jumanne, lingekuwa ushahidi. Sasa ni faraja tu, na faraja hakuiomba.

Violini haina fundi huku. Fundi seremala aliitazama akacheka, akasema kitanda angeweza. Baba siku hizi anapanda mlima na wageni, anabeba mizigo yao kichwani, anashuka baada ya siku sita midomo imepasuka kwa baridi. Jani la isale lilikauka kwenye ule mfuko hadi Mama alipofua shati. Amesamehe, sina shaka. Hajawahi kunitupia neno, na nikirudi shule ananisindikiza hadi barabarani. Jani lilifanya kazi yake yote. Nami nilikuwa nimelipa kazi nyingine isiyo yake, ya kurudisha kilichovunjika.

Jumamosi iliyopita alikuwa nyumbani. Nilimpelekea maji ya moto ya kuloweka miguu, akaweka mikono magotini, nikaona. Kucha za mkono wa kushoto zimekua. Ndefu sawasawa na za kulia, zina udongo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nimeinunua mwenyewe. Ukimwona mtu mzima ameanza upya kitu alichokiacha utotoni, ujue amekuja bila nguo. Akikwaruza, mtukane ukitaka, kama Bibi, ila usiondoke. Akikuomba masikio yako, yawe yake kweli. Na siku atakapopatia, hata kama ni mara moja, hata kama sauti yako inatetemeka na uso wako unawaka moto, mwambie pale pale, kabla hajateremsha upinde. Usiende kuchota maji. Aibu yako itapita kabla ya chakula cha jioni. Yake haitapita. Na usitegemee msamaha ukurudishie ulichovunja. Utasamehewa, na kitu kitabaki kimevunjika, na utakula naye meza moja.

Sina mkono wa mzee wa kukuwekea kichwani. Lakini nakuombea hili, na Mungu aliyekuwepo nyuma ya lile banda analijua: usirithi ulimi wangu. Urithi masikio ya Baba, na vidole vyake vya ile Jumanne. Na siku utakapopatia, awepo mtu amekaa juu ya ndoo, aseme.