Kibati Nilichoking'oa

Mimi simwamini mtu kirahisi, na sioni haya kusema hivyo. Ni dalali wa almasi hapa Maganzo. Nimeletewa vipande vya chupa vilivyosuguliwa vizuri, vimefungwa kwenye karatasi nyeupe, na mletaji anaapa kwa jina la mama yake. Kwa hiyo baba aliponiambia kuna mtu anakuja kutoka Arusha kuliangalia gari lake, tena hataki kulinunua, anataka kuliangalia tu, nilicheka. Nani achome mafuta kutoka Arusha mpaka huku kwa ajili ya kuangalia?

Gari lenyewe ni la michezo, la Kiingereza, la zamani, lenye viti viwili na paa la turubai. Rangi yake ya kijani imepauka mpaka hujui uiite kijani au kijivu. Baba alikuwa fundi wa gereji mgodini, na mhandisi mmoja Mwingereza alipostaafu na kurudi kwao alimwachia gari hilo, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kulitunza. Hiyo ni hadithi ya baba. Hadithi ya Maganzo ni nyingine. Nilipokuwa darasa la tano injini ilitolewa, ikapelekwa Mwanza kuchongwa silinda, ikakaa huko miezi. Iliporudi watu wakasema iliyokwenda siyo iliyorudi, kwamba baba ameuza ile nzuri na kupachika nyingine. Wakaliita gari la kuunga-unga. Baba alikana mara moja tu, kisha akanyamaza. Mimi ule ukimya wake sikuupenda hata kidogo.

Mgeni huyo wa Arusha na wenzake walikuwa wanaandika kitabu cha magari ya aina ile yaliyobaki Afrika Mashariki. Gari haliingii humo mpaka ithibitike kuwa ni lile lile lililotoka kiwandani. Baba alitaka mstari mmoja tu kwenye kitabu hicho. Hakusema kwa nini, lakini wote nyumbani tulijua. Wiki ile nzima alikuwa analifuta gari vumbi, nalo halina vumbi.

Siku moja nilimsikia mgeni akizungumza naye kwenye simu, sauti imefunguliwa kwa sababu baba hasikii vizuri. "Mzee, tutalinganisha namba ya kibati cha chesisi na namba ya injini. Kumbukumbu za kiwanda ninazo."

Nilikwenda moja kwa moja kulifungua boneti. Kibati hicho ni kipande cha bati kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kimepigwa riveti, pini za chuma zisizofunguka bila kutobolewa, kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ijumaa, baba alipokwenda Shinyanga mjini kliniki ya macho, niliazima drili kwa jirani mchomeleaji, nikazitoboa riveti, nikaking'oa. Nilikifunga kwenye karatasi nyeupe kama tunavyofunga jiwe. Kwetu jiwe zuri halitangulii kuonyeshwa. Unamwacha mnunuzi aangalie madogo, unamsoma macho, ndipo unaamua. Nilijiambia namlinda baba. Watu wa namna ile wanaweza kunakili namba, wakaunda gari lao huko waliko na kudai ndilo hili.

Mgeni alifika Jumamosi asubuhi, amevaa ovaroli kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu."

Alifungua begi lake, ndani mna spana za inchi tupu, zile za magari ya Kiingereza, na baba akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. Mimi nilisimama karibu na mlango wa banda nikimwangalia mikono. Kila alichofurahia kilinitia wasiwasi. Alifurahia ufa wa usukani wa mbao. Alifurahia ngozi ya kiti iliyochanika. Hapa Maganzo anayetaka kitu anakiponda, na huyu alikuwa anasifia kutu! Alipofika kwenye vioo vya pembeni, uso ukapoa.

"Na hivi?"

"Hivyo ni orijino," nikamjibu. Nilivinunua mwenyewe Kahama, vikiwa bado kwenye boksi.

"Dada, mimi nikisema orijino nina maana ya kile gari lilichozaliwa nacho," alisema. "Hata kama kimevunjika."

Akafungua boneti. Alifuta mafuta kwenye namba ya injini kwa kitambaa, akatoa karatasi yake, akasoma, akarudia kusoma tarakimu moja moja huku akizigusa kwa kidole.

"Ni yenyewe, mzee," alisema. "Injini ni ile ile iliyotoka kiwandani."

Baba alishika ukingo wa gari na kuinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu pale pale nilielewa kwamba sikuwa nimemficha mgeni chochote. Nilikuwa nimeficha aibu ambayo haikuwepo.

Kisha mgeni akamulika ukuta wa nyuma ya injini. Matundu yalikuwa yanang'aa, chuma kipya kabisa. "Kibati kiko wapi?"

"Kipo hapo," baba alisema. Akapeleka vidole, akapapasa. "Kilikuwepo hapa."

Mgeni alimtazama baba, na ule mtazamo niliujua. Ni wangu. Ndio ninaowatazamia watu kazini kila siku.

Nikakitoa kibati kwenye mfuko wa sketi, nikakifungua, nikasema yote, drili na jirani na Ijumaa. Namba ilikubaliana na karatasi yake, tarakimu kwa tarakimu. Alikigeuza nyuma na mbele, akazitazama kingo nilizozikwaruza.

"Kingekuwa na riveti zake za zamani ningeandika sasa hivi," alisema kwa upole. "Injini huhamishwa, na kibati hutolewa kwenye gari lililokufa kikabandikwa kwenye jingine. Kila mwenye kibati kilichong'olewa ana maelezo mazuri, dada."

Aliandika kwamba gari halijathibitishwa. Alimwonyesha baba karatasi, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Nilimfokea baba badala ya kujifokea mwenyewe. Nikamwambia mtu gani huyo, amekula chakula chetu na bado anatuona waongo.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, kibati kiganjani.

"Uliogopa namba zitakataa, ng'wanawane, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mwache mgeni wa watu," alisema. "Yeye kanijua leo asubuhi. Wewe umenijua tangu lini?"