Jogoo Aliyetupwa Dirishani

Mimi sikuzaliwa mpole. Mama yangu akisema nilitoka tumboni nimekunja ngumi. Kwa hiyo mtu asinisifu kwa haya nitakayoyasema, maana nusu yake nilisukumwa.

Miaka ile ya hamsini mume wangu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati pale Amu, kisiwani Lamu. Sisi ni Wapokomo wa Mto Tana, na mtaa mzima Wakristo tulikuwa sisi wawili tu. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na kisima uani, maji yake matamu, na majirani wote wakija kuchota kwetu kwa sababu visima vyao vilikuwa vya chumvi.

Mkabala nasi, ng'ambo ya kichochoro, alikaa bibi mmoja mjane na binti yake wa pekee. Ramadhani yetu ya kwanza alituletea futari mpaka mume wangu akanenepa. Nikasema Krismasi lazima nami nipeleke kitu. Nikafuga jogoo miezi mitatu. Siku ilipofika nikambeba kwapani, juani, mpaka kwa mwalimu wa chuoni, anakosomesha watoto Kurani, amchinje kwa bismillahi, maana nilijua jirani zangu hawali alichochinja Mkristo. Nikampika kwa nazi, nikampakua kwenye sahani yangu ya maua niliyopewa siku ya arusi yangu, nikampelekea yule bibi.

Hata kukaa kitako sijakaa, nasikia sauti yake dirishani, "Kibudu hiki! Watulisha kibudu!" Mara puu! Jogoo wangu yuko chini, na paka wote wa Amu juu yake. Watu wakacheka. Sahani akabaki nayo.

Lo! Asiulize hata neno moja! Nililia, kisha nikakasirika, na hiyo hasira ndiyo iliyokaa. Pale Amu sahani ya jirani hairudishwi tupu, ila yangu haikurudi tupu wala na kitu. Kila nikimwona nageuza uso, naye anageuza wake.

Baada ya Pasaka nikasikia binti yake anaolewa. Pilau ya mtaa mzima itapikwa kiwanjani, na maji yatatoka wapi kama si kwangu? Nilicheka peke yangu jikoni. Asubuhi ya arusi nikatia kufuli mlango wa uani, ufunguo nikautia kifuani.

Mume wangu akaliona lile kufuli. "Vipi tena, mama?"

"Dawa ya moto ni moto," nikamwambia.

"Dawa ya moto ni maji," akasema, "na maji unayo wewe."

Tukapiga magoti kama kila asubuhi kabla hajaenda kazini, tukaanza sala aliyotufundisha Bwana. Nilienda vizuri mpaka pale pa kuomba tusamehewe kama nasi tunavyowasamehe wengine. Hapo ulimi ukagoma. Ufunguo ulikuwa unanichoma kifuani. Mume wangu akamaliza peke yake, akavaa kofia yake, akaenda zake, mchokozi yule, anatabasamu.

Haukupita muda nikasikia hodi. Ni yule bibi, ndoo mkononi, nyuma yake wanawake wanane na ndoo zao.

"Mwanangu," akasema kwa Kiamu chake, "yeo namuoza mwanangu, na sina mai."

Ningeweza kusema ng'o. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu kama halua, na arusi ya mtoto wa watu ingeharibika mbele ya wageni. Nikamtazama usoni, nikaona mama mwenye hofu, basi. Nikachomoa ufunguo mbele yao wote.

"Bi, yule jogoo uliniumiza naye," nikasema. "Uliniumiza sana. Lakini nimekusamehe. Chota."

Akaweka ndoo chini, akalia. Akaniambia wiki ileile ya Krismasi mwalimu wa chuoni alimweleza kuwa jogoo kamchinja yeye mwenyewe. "Kila siku naitazama sahani yako," akasema. "Tupu siwezi kuirudisha, na cha kuijaza sikukiona. Niyaze nini baada ya vile?"

"Ijaze pilau," nikamjibu. "Na nyama iwe nyingi, uchoyo sitaki!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilivuta maji pamoja nao mpaka viganja vikachubuka, na jioni nikacheza kwenye arusi kuliko wenye arusi. Sahani ilirudi imefurika.

Krismasi iliyofuata nilikuwa nafunika chungu nikasikia hodi. Ni yule bibi, kavaa buibui lake jipya, hakungoja kupelekewa. Akaketi mkekani kwangu, akanawa mikono. Nikafungua mdomo nimwambie kuwa jogoo wa safari hii pia nimempeleka kwa mwalimu.

"Nimekuuliza?" akasema, akamega, akala.