Usikimbie Penye Mawe

Nilipokuwa mtoto, kitu nilichokiogopa kuliko chui, na kuliko fimbo ya katekista, kilikuwa lundo la mawe. Lilikuwa juu mlimani, kwenye njia ya mkato inayotoka kijijini kwetu kuteremka Ipogolo, pale njia inapopenya katikati ya vilima viwili na upepo hauachi kuvuma. Mawe yenyewe yalikuwa ya kawaida tu, makubwa kwa madogo, na juu yake majani makavu yaliyowekwa na wapita njia. Mgeni angeweza kupita hapo asiulize kitu. Sisi wa kule tulikuwa tukikaribia tunanyamaza, hata kama tulikuwa katikati ya ugomvi.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha namna ya kupita. Unaokota jiwe huko chini unakotoka, unalisugua mahali panapokuuma, goti au kiuno, unalitemea mate kidogo. Ukifika unaliweka, unasema "kamwene", ambayo ndiyo salamu yetu Wahehe, kisha unaondoka polepole bila kugeuka. Maumivu yako yanabaki hapo. Lakini usikimbie. Chini ya mawe yale, alisema Bibi, wamelala watu waliouawa wakikimbia katika vita vya Wajerumani, na mmoja wao ni kaka yake, ambaye yeye akiwa mtoto alimwona akiondoka na hakumwona akirudi. Wakisikia vishindo vya mtu anayekimbia huamka, wakidhani vita havijaisha, nao humdai mkimbiaji magoti yake kwa sababu ya kwao yaliwaangusha.

"Wanayachukuaje, Bibi?" nilimuuliza usiku mmoja, miguu nimeikunjia ndani ya mgolole wake.

"Taratibu," alisema. "Kwanza yanavimba."

Sikulala. Baba yangu alikuwa ameshaanza kuvimba magoti.

Baba alikuwa tarishi wa jumbe. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na kwetu barua ya jumbe ilikwenda bomani Iringa kwa miguu ya baba. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mbio za kusifiwa mpaka vijiji vya jirani, na alizipenda sifa hizo kuliko alivyokubali kusema. Lakini mwezi wa sita ulipofika na baridi yake, alikuwa anakaa jikoni alfajiri ameyashika magoti kwa mikono miwili, mama anamkanda kwa maji ya moto. Akinyanyuka, magoti yalialika kama mwanzi mkavu unaotiwa motoni. Nilikuwa nausikia mlio ule nikiwa upande wa pili wa moto, na kila nilipousikia niliwafikiria wale wa mlimani.

Mganga wa zahanati ya misheni alimwambia ni baridi yabisi. Aliyabonyeza magoti, akatikisa kichwa, akamwambia ndani mnalika, kidogo kidogo, na akiendelea kukimbia yataharibika kabisa yasirudi tena. Atembee tu, tena afunge kitambaa cha joto. Baba aliporudi nyumbani alilifanya jambo lenyewe mzaha.

"Mganga anasema nisikimbie. Mama anasema nisikimbie. Jumbe peke yake ndiye anasema nikimbie, na kati yao mwenye bakora ni jumbe."

Mama alicheka. Bibi hakucheka. Alimwambia, mbele yetu sote, "Antoni, sikia. Siku utakayokimbia tena pale penye mawe, utarudi nyumbani umebebwa." Baba aliinamisha kichwa kwa heshima, maana alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki, na tangu siku hiyo akifika mlimani alitembea. Nilijua hivyo kwa sababu nilimuuliza kila alipotoka safari. Aliniambia, "Nimetembea, Yustina. Nimemsalimia mjomba," nami nikapumua.

Kisha ikaja siku ya mama kujifungua.

Uchungu ulimshika kabla ya jogoo kuwika, na hadi mchana mtoto alikuwa hajaja. Ukungu ulikuwa umetuangukia tangu asubuhi, ule ukungu wa kwetu unaokufanya usione ng'ombe aliye uani mwako mwenyewe. Mimi nilikaa nje chini ya ukuta, nikisikia sauti ya mama ikizidi kupungua. Kupiga kelele kwake hakukunitisha kama kunyamaza kwake. Bibi ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji kizima, alikuwa amewapokea watoto wasiohesabika, nami sikuwahi kumwona akitoka nyumba ya mzazi na uso wa namna ile.

"Amelala upande," alimwambia baba. "Nimemgeuza, anarudi vilevile. Mimi hapa nimefika mwisho."

Ilikuwa siku ya lori la misheni. Lilikuwa likitoka mashambani na mahindi, likipita Ipogolo jioni kwenda mjini, na ndani yake mara nyingi alikuwemo sista mzungu aliyefanya kazi hospitalini. Likikutwa kabla ya kuvuka daraja, lingeweza kugeuza na kuja hadi chini ya mlima wetu kwa barabara ya wakata mbao. Likishavuka, basi, mpaka wiki nyingine. Vijana wa kijiji karibu wote walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na jumbe alikuwa ameondoka na baiskeli yake. Waliobaki ni wazee, wanawake na baba. Wazee walianza kufunga machela ya miti na blanketi ili wamteremshe mama kwa barabara ya wakata mbao, polepole, wakutane na lori kama lori litakuwepo.

Baba alisimama uani. Goti la kulia lilikuwa limevimba asubuhi ile hata suruali imelibana.

"Mama," alisema, "nikitembea silipati lile lori."

Bibi alikuwa ananawa mikono kwa majivu. Aliendelea kunawa muda mrefu, mikono ikiwa imeshatakata. Nilimwangalia usoni nikingoja aseme njia nyingine, maana Bibi alikuwa na njia ya kila kitu.

"Kimbia," alisema.

Baba hakusogea.

"Kimbia, Antoni. Hata pale penye mawe usisimame. Hata salamu usitoe. Mpite mjomba wako."

Nilianza kulia hapo hapo. Baba alivua viatu vyake vya matairi, akaondoka. Hatua za kwanza alichechemea, kisha akajinyoosha, akaanza mbio zake zile za kusifiwa, na ukungu ukamfunika.

Bibi aliokota jiwe uani. Alikaa chini, akapandisha nguo, akalisugua kwenye magoti yake mwenyewe, la kushoto na la kulia, akalitemea mate, akanitia mkononi na kukifunga kiganja changu kwa mkono wake.

"Mfuate baba yako. Akishapita, wewe liweke. Uwaambie ni mimi niliyemtuma kukimbia. Kama wanadai magoti, wachukue haya yangu, mimi dada yake. Sema kwa Kihehe, sauti isikike. Halafu utarudi unatembea. Ukikimbia, umeharibu yote."

Sijui kama mtu mzima anaweza kuelewa uzito wa jiwe lile. Nililala na Bibi kitanda kimoja, nilikula naye sahani moja, na sasa nilikuwa nabeba magoti yake kwenda kuyatoa. Nisipoyatoa, ni ya baba. Nilipanda mlima nikilia kimyakimya, nikiwa peke yangu katika weupe ule, na mbele yangu nilisikia vishindo vya baba, na katikati ya vishindo mguno, kila mguu wa kulia ulipogusa chini. Alikuwa akiguna kama mtu anayepigwa. Sikuwahi kumsikia baba akitoa sauti ya maumivu, na niliposikia mguno ule ukifika juu, pale penye mawe, ukapita bila kupunguza mwendo, mkojo ulinitoka.

Nilifika. Sikuliona lundo mpaka nilipokuwa karibu kuligusa. Niliweka jiwe. Nikasema kamwene, kwa sauti. Nikawaambia yote niliyotumwa, kwa Kihehe, ni Bibi ndiye aliyemtuma, magoti wachukue ya Bibi. Nikaongeza neno langu mwenyewe ambalo sikutumwa: nikawaomba wasimuumize sana.

Nilipogeuka kuondoka, jiwe moja liliporomoka nyuma yangu.

Leo najua mawe yaliyorundikwa huporomoka, hasa ukishaweka jingine vibaya. Siku ile nilijua kwamba wameamka. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Miguu ilishaanza, nikaizuia. Nilishika nguo yangu kwa mikono yote miwili, mapajani, nikaishikilia kama unavyoshika kamba ya ndama, nikatembea. Kokoto zilikuwa zinateremka nyuma yangu, zinatulia, zinateremka tena. Nilisikia mtu akipumua, na huenda alikuwa mimi mwenyewe. Kila hatua nilijiambia, nikikimbia baba atabebwa, nikikimbia baba atabebwa. Sijawahi kuogopa vile tena maishani, na nimezika watu, na nimepita kwenye mambo. Njia ya kurudi haikuwa ndefu, lakini nilipoiona miti ya uani kwetu nilikuwa nimejing'ata mdomo mpaka damu.

Bibi hakuwepo, alikuwa ameshuka na machela. Nilikaa peke yangu karibu na moto mpaka giza likaingia, na jirani akaja na habari. Lori lilikutwa darajani. Baba alisimama mbele yake katikati ya barabara, akamweleza dereva, dereva akakubali, na baba alipotaka kupanda akaanguka. Magoti yote mawili yalikataa. Dereva na utingo wake walimnyanyua wakamtia nyuma, juu ya magunia, lori likageuza kwenda kumchukua mama chini ya mlima. Mama alifika hospitali akiwa na pumzi. Mdogo wangu Benedikto alizaliwa usiku ule, kwa kisu cha daktari, na wote wawili walipona.

Baba alirudi nyumbani baadaye kuliko wao. Alirudi kwa machela ileile, wazee wamembeba, mmoja mbele mmoja nyuma, na watu wote wa kijiji wakamkumbuka Bibi alivyosema. Hakukimbia tena. Baada ya muda alitembea kwa fimbo, magoti yakiwa yamepinda kidogo, yasiyonyooka wala kukunjika vizuri. Jumbe alipata tarishi mwingine. Baba akawa anachonga mipini ya majembe akiwa amekaa mlangoni, na Benedikto alipoanza kukimbia uani baba aliacha kazi na kumtazama.

Nilimwendea Bibi nikiwa na hasira na hofu pamoja.

"Nilitembea, Bibi. Sikukimbia hata kidogo."

"Najua."

"Na niliwaambia."

"Kwa Kihehe?"

"Kwa Kihehe."

Alichochea moto. "Basi hawakuyataka," alisema. "Magoti ya mwanamke mzee, wayafanyie nini."

Kwa miaka mingi nilidhani jiwe nililiweka vibaya. Nilikua, nikaolewa Mbeya, nikalima viazi Uyole, nikasomesha watoto, na wazo lile halikunitoka. Juzi juzi mwanangu alinipeleka kwa daktari, binti mdogo mwenye maneno mazuri, akanionyesha picha ya magoti yangu. Alinieleza kwamba gegedu, ile laini inayokaa katikati ya mifupa, imelika, na sasa mfupa unasugua mfupa.

"Bibi, ulikuwa unakimbia sana ujanani?" daktari aliniuliza.

"Mwanangu, mimi nimetembea maisha yangu yote," nilimwambia. "Baba ndiye aliyekimbia."

Nikamsimulia ya siku ile, akasema basi ni la ukoo, na baba naye lazima alikuwa nalo, na kukimbia juu ya goti lililovimba namna ile kulimaliza jambo lililokwisha kuanza. Namwamini. Ni maneno yaleyale ya mganga wa misheni. Jiwe langu halikuwa na kosa, na kulisikia hilo katika umri huu kumenitua mzigo ambao sikujua kama bado nimeubeba.

Lakini kwa Bibi maneno ya mganga hayakuwa na uzito. Sisi tunayo baridi yabisi ya kujifariji nayo. Yeye alijua kwa yakini ni nani wamelala pale na wanataka nini, hakuwa na shaka hata punje, na akasimama uani akamwambia mtoto wake aliyebaki, kimbia, kwa ajili ya mkwewe. Nimekuwa mkwe na nimepata wakwe. Sijui kama mimi ningelisema neno lile.

Aliishi sana baada ya hapo. Na kila asubuhi mpaka kufa kwake, kabla hajamsalimia mtu, aliketi ukingoni mwa kitanda chetu akayakunja magoti yake na kuyakunjua, kichwa kimeinama, akisikiliza. Yalikuwa mazima. Akishaona hivyo alinuna, asizungumze na mtu hadi uji uive, na siku hizo baba alijitahidi kutembea wima mbele yake.

Uyole nako kuna baridi. Alfajiri nikinyanyuka, magoti yangu yanaalika kwa mlio uleule wa jikoni kwetu. Nasimama kwanza, nashika ukuta, nasema kamwene. Kisha namwambia Bibi kwamba wale wa mlimani wamefika, walikosea mlango tu.