Afande Jalada na Darasa la Wafungwa

Gerezani walimwita Afande Jalada, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kanuni ilikataza vitabu vyenye jalada gumu, maana ndani yake mtu anaweza kuficha wembe. Basi chuo cha kanisa kilipoleta vitabu vya wafungwa wanaosomea shahada, askari wetu alikaa langoni akivinyonyoa kama kuku. Falsafa, ushairi, historia ya kanisa, vyote viliingia ndani uchi.

"Wezi wanasoma falsafa!" alimwambia mkewe. "Sasa wataiba kwa hoja."

Kazi yake nyingine ilikuwa kulinda darasa. Miaka mitatu alikaa kiti cha nyuma, kirungu mapajani. Mwanzoni alisinzia. Baadaye akaanza kuwakasirikia wanafunzi wanaojibu ovyo. Siku mchungaji aliyewafundisha alipouliza kama anayetenda haki kwa kuogopa adhabu ni mtu mwema, Jalada akajikuta amenyoosha mkono. Wafungwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliushusha akijifanya anajikuna kisogo, lakini jioni alinunua daftari.

Kisha ikaja amri kutoka juu: hakuna usajenti bila shahada. Askari aliowafundisha mwenyewe kushika funguo wakaanza kumpita.

"Baba watoto, chuo kipo kazini kwako, tena bure," mkewe akamwambia. "Unangoja nini?"

Akanyoa ndevu, akapiga pasi sare, akamfuata mchungaji. Huyo alimshika bega kwa ule upole wa mtu anayekaribia kukunyima.

"Ndugu yangu, masharti ya wafadhili. Mwanafunzi lazima awe mfungwa, tena mwenye miaka mitano au zaidi."

"Mimi nina kumi na tisa humu humu, mchungaji."

"Lakini hujahukumiwa."

"Sijahukumiwa," Jalada akakiri, na kwa mara ya kwanza maishani ikamuuma kuwa hana kosa.

Mwizi wa magari, kinara wa darasa, alikuwa anafuta ubao. Alisikia yote.

"Afande, nipe daftari nikusahihishie."

"Daftari gani?"

"Lile unaloandika ukijifanya unatuhesabu."

Likarudi kesho yake limejaa wino mwekundu: arobaini na mbili kwa mia. "Hoja nzuri, umeiacha njiani. Rudia." Jalada alikasirika siku nzima, kisha akarudia. Akapata sitini na moja. Furaha ikamzidi; akachagua jalada zuri kuliko yote katika rundo la majalada aliyoyang'oa langoni, akalibandika kwenye daftari kwa gundi.

Asubuhi langoni alimkuta sajenti mpya, mwanafunzi wake wa zamani wa funguo.

"Samahani, mzee wangu. Jalada gumu haliingii."

Akaling'oa taratibu, kama alivyofundishwa. Jalada akapiga saluti, akaingia darasani na daftari lake uchi, akakaa kiti cha nyuma.