Baba Aliposema Nilizaliwa Kesho

Harufu ya gundi ya unga wa muhogo hunipandisha hasira. Najua gundi yenyewe haina kosa: maji ya moto, unga kidogo, unakoroga mpaka ivutike, basi. Lakini wiki hii mwalimu alituambia tubandike kalenda mpya ukutani mwa darasa, na gundi iliponigusa vidole nikarudi Dabani, nyumbani kwetu ng'ambo ya mpaka, mbele ya kalenda ya misheni ambayo baba aliibandika kila Januari kwa gundi ileile. Mimi si msemaji. Hata darasani nikiitwa jina natamani dawati linimeze. Kwa hiyo nayaandika hapa, na ninyi mtakaosoma mnitunzie.

Baba alikuwa katekista. Katika kalenda ile kila siku ilikuwa na mtakatifu wake, na kwetu mtoto hakutafutiwa jina, alilikuta ukutani. Mimi nilizaliwa tarehe ishirini na tano Januari, sikukuu ya kuongoka kwa Mtume Paulo, nikawa Paulina. Kila mwaka baba aliandika jina langu kwa wino ndani ya kisanduku cha tarehe hiyo, na kuku akachinjwa. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi, aliiweka kwenye sahani yangu.

"Leo mwenye nyumba ni huyu," alisema. Mama alicheka kila mwaka kana kwamba hajawahi kuyasikia.

Kisha, siku nilipotimiza miaka minane, jeshi likachukua nchi. Siku ileile! Katika siku zote za mwaka hawakuona nyingine? Ikawa sikukuu ya taifa, watu wakusanywe uwanjani wapige makofi juani. Shuleni wenzangu walinipigia saluti: "Afande Paulina! Umezaliwa na serikali!" Nilicheka nao, lakini moyoni nilijua nimeibiwa.

Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, baba alisema tule kwanza, uwanjani twende baadaye. Kuku alikuwa ameshapakuliwa askari alipoingia bila hodi. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwatoa waliochelewa, na gari lake lilibaki barabarani likinguruma.

"Nyinyi nakula tu! Hapana jua leo siku kubwa ya nani?"

Alinitazama mimi. Mimi nisiyemjibu hata mwalimu, siku hiyo nikajibu.

"Yangu, afande."

Askari akafuata macho yangu mpaka kwenye kalenda, akaweka kidole juu ya kisanduku. "Paulina. Serikali iko wapi hapa, mzee?"

"Mtoto hajui, afande," baba alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, siyo ile ya kanisani. "Huyu… huyu alizaliwa kesho."

"Kesho?"

"Kesho, afande. Niliandika vibaya."

"Sahihisha."

Baba alichukua wembe wake wa kunyolea ndevu, akalikwangua jina langu polepole, akaliandika kwenye kisanduku cha kesho yake. Pale palipokwanguliwa akaandika: Sikukuu ya Serikali. Mkono uliozoea kujaza vyeti vya ubatizo uliandika kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Askari akaivuta sahani yangu, akaitupia firigisi mdomoni, akatafuna.

"Tamu, mama," akamwambia mama. Kisha tukaenda kupiga makofi.

Nawaambia ukweli: nilimkasirikia baba kuliko askari. Baba aliyetufundisha amri ya nane, usiseme uongo! Miaka miwili iliyofuata, kuku alipokuja mezani tarehe ishirini na sita, nilisema nimeshiba. Baba hakunilazimisha.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wiki mbili kabla ya siku ile ya askari, mwalimu mmoja wa kijiji jirani alitiwa kwenye buti ya gari kwa neno dogo kuliko langu, na hajarudi mpaka leo. Nililisikia hilo tulipokwisha kuvuka mpaka kuja Busia ya Kenya. Ndipo nilipoelewa: neno langu lilimfungulia baba buti, na uongo wake ukaifunga.

Siku ya kunisajili sekondari, karani aliuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Kwa mazoea nikasema ishirini na sita. Baba, aliyekuwa amekaa nyuma na kofia magotini, akasimama.

"Tano! Ishirini na tano. Andika."

"Taratibu, mzee," karani alisema, "kalamu haikimbii."

Jana nilitimiza miaka kumi na sita. Ng'ambo ya mpaka bendi yao ilisikika tangu asubuhi, tarumbeta na vipaza sauti, wakiisherehekea siku waliyoikuta ina mwenyewe. Baba aliweka firigisi kwenye sahani yangu. Ilikuwa ngumu. Niliitafuna polepole, macho yangu kwenye macho yake, wala sikusaza hata kipande.