Wifi Yangu na Bwana Harusi

Mimi sikumpenda ndege yule hata siku moja, na nasema mapema asije mtu akaniuliza baadaye. Ndege gani ana mabawa na hawezi kuruka? Lakini wifi yangu, mke wa kaka yangu, alimpa ujana wake wote, na mtu mkiishi naye nyumba moja, mzigo wake unakuelemea na wewe.

Kazi yake ilikuwa kulea vifaranga kwenye kituo kilicho nyuma ya bohari la mbao. Mbwa na paka walikuwa wamewala ndege hao mpaka wakabaki wa kuhesabika. Sheria ya pale ilikuwa moja: kifaranga asijue kama kuna binadamu duniani. Basi wifi alivaa joho la kijivu lililomfunika kuanzia utosini, akavaa mkononi kichwa cha ndege cha kitambaa, akalisha kwa mdomo wake wa mbao bila kutoa sauti. Asikohoe, asipige chafya. Kifaranga akizoea sauti ya mtu atadhani mtu ndiye mama yake, na akikua atatafuta mchumba kwa watu.

Kimya kile alirudi nacho nyumbani. Unamuuliza chumvi iko wapi, anakuonyesha kwa kidole. Majirani walimwita Bibi Kimya. Kaka alilalamika kwamba alioa mke akaletewa ukuta, nami nikamwambia ashukuru, kuna wenzake wanaulilia huo ukuta. Tulicheka, na yeye alicheka pamoja nasi, kimyakimya.

Mwaka mmoja likaanguliwa yai moja tu. Kifaranga chenyewe dhaifu, shingo imelegea, mdomo wa mbao hakitaki. Wifi alishinda nacho peke yake, na jioni pumzi zikaanza kukatika. Akafunua kofia ya joho, akakiweka kifuani, akasema, "Kula, mwanangu. Kula, usiniache."

Kikala. Wewe ungefanyaje? Mimi ningekiimbia kabisa.

Hakuficha. Alimweleza daktari wa wanyama wa pale kituoni, naye akakuna kichwa, akasema bora ndege hai mwenye kasoro kuliko maiti. Kwa hiyo kila kilipokataa chakula, dawa ilikuwa ile ile, sauti ya wifi, mpaka kikapata nguvu. Kisha joho na kimya vikarudi, wakidhani kitasahau.

Kikakua kikawa dume zuri, manyoya yanang'aa. Wafanyakazi wakamwita Bwana Harusi, kwa sababu kituoni na porini lilikuwa limebaki jike moja tu, nalo linazeeka, na dume ni yeye peke yake. Hao wawili wasipopata watoto, basi kizazi kimekwisha.

Siku ya kufungua mlango kati ya mabanda, jike lilitoka, likajikung'uta, likainamisha kichwa. Bwana Harusi akalipita kama anapita gogo. Akaenda moja kwa moja uzioni alikosimama wifi na joho lake, akaokota kijiwe kwa mdomo, akakiweka mbele ya buti zake, akangoja. Ndivyo madume ya ndege hao wanavyoposa. Kaka aliposikia akasema hakujua kumbe ana mume mwenza. Safari hii wifi hakucheka.

Daktari akamwambia asikanyage tena kituoni. Alikaa nyumbani msimu mzima, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Kule nako jike lilitaga bila dume, likalalia. Daktari aliyamulika mayai kwa tochi, akakuta hamna kitu ndani. Nani wa kuliambia jike? Liliendelea kulalia mpaka asubuhi moja wakalikuta limekufa, bado limeyafunika.

Asubuhi hiyo hiyo daktari alikuja nyumbani. Nilimkaribisha chai akakataa kukaa. Akatuambia jike limekufa, na Bwana Harusi hali chakula, anasimama tu pale uzioni, naye yuko njiani kulifuata. Wifi akainuka, akatoa joho lake msumarini, akaanza kulivaa.

"Liache, dada," daktari akasema. "Nenda hivyo hivyo. Ongea naye upendavyo. Haidhuru tena."

Nilitamani kumtwanga kwa birika. Miaka yote mtu ameumeza ulimi wake, halafu anaambiwa haidhuru! Wifi alilikunja joho vizuri, akanikabidhi, akavaa buti. Nikamfuata.

Bwana Harusi alipomwona alijikongoja, akatafuta kijiwe, akakileta. Alikuwa mifupa mitupu. Wifi akakaa chini, akamega tunda, akafungua mdomo. Neno halikutoka. Akajaribu tena, machozi yakatoka badala yake.

"Sema, wifi," nikamwambia. "Umeruhusiwa."

Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole lile banda la jike, tupu.

Basi nikasema mimi, mimi nisiyempenda. "Kula, mwanangu," nikamwambia. "Kula, usituache." Akanigeukia kidogo, kisha akarudi kuzitazama buti za wifi, na tunda likabaki pale pale.