Yowe la Antonia

Antonia alijaliwa sauti. Akinadi perege wake wa kukaanga pale sokoni Babati, hata mwenye haraka zake aligeuka. Basi kina mama wa parokia walipotaka kuigiza maisha ya marehemu Bibi Edda, yule aliyezunguka vijijini akitetea wajane wasinyang'anywe mashamba, hawakuulizana nani awe Edda. Walimtazama Antonia tu, naye kwa kiherehere chake akakubali.

Tangu hapo hakuwa na raha. Samaki waliungua, chumvi alitia mara mbili, akiitwa aliitika kabla hajamwona anayemwita. Wateja walidhani anaogopa jukwaa. Antonia aogope watu! Kilichomkosesha raha ni lile yowe.

Kwenye igizo, Edda husimama katikati ya kijiji na kupiga yowe la kuwaita wanawake. Mwalimu Jesse, mtunzi na msimamizi wa igizo, alikuwa mtu wa kuja. Kijana mzuri, lakini kwake yowe lilikuwa kelele za kuchangamsha ukumbi. Antonia alizaliwa kule juu, Mbulu, akalelewa akijua kwamba mwanamke akipiga yowe lile, wenzake huacha hata chungu motoni wakaja, na hawarudi makwao mpaka aliyemkosea ajibu. Ukilipiga bure, faini ni yako. Kwa hiyo kila mazoezi, akifika hapo, alikohoa.

"Mama Goodness, yowe vipi?"

"Nitalipiga siku yenyewe, mwalimu. Koo linaniuma."

Uongo mtupu. Koo lilikuwa zima. Kilichouma ni shamba. Mumewe Theophil alipofariki, shemeji yake Wolfgang alifika shambani kwao Sigino na jembe la kumsaidia kulima, akabaki na shamba. Mwaka wa kwanza alileta gunia la mbaazi na pole nyingi. Uliofuata, pole peke yake. Mwaka huu akatamka kwamba shamba ni la ukoo, na mwanamke huolewa na mume, haolewi na ardhi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakutufundisha namna ya kuvua nguo mbele za watu. Antonia alinyamaza. Wolfgang ni mwenyekiti wa jumuiya, na harusi ya binti yake Goodness ilikuwa karibu. Nani mwingine angemsindikiza binti kanisani kama si baba yake mdogo?

Siku ikafika, ukumbi wa parokia ukafurika. Wolfgang alikaa mbele na suti yake, akampungia shemeji mkono kwa fahari. Edda alipomwambia mjane kwamba shamba lake lazima lirudi, aliyepiga makofi kuliko wote ni Wolfgang. Antonia aliona mikono ile ikigongana, mikono iliyovuna mbaazi zake, na hasira ikampanda mpaka akasahau kukohoa.

Akapiga yowe.

Kisha kule nyuma Bibi Katarina wa Singe akainuka na mkongojo wake. Akainuka mwingine, na mwingine, wengine wakasogea mlangoni, wengine wakamfuata bibi hadi mbele. Jesse alitabasamu pembeni ya pazia, akidhani igizo limewakolea.

"Nani amekukosea?" Bibi Katarina aliuliza.

"Shikamoo bibi, hili ni igizo tu," Jesse alidakia.

"Marahaba. Wewe sijakuuliza, mwanangu." Akamgeukia Antonia. "Kama ni mchezo sema, tukakae."

Neno moja tu, na kila mtu angerudi kitini akicheka, na harusi ingekwenda kama ilivyopangwa. Antonia alimtafuta binti yake kwa macho. Kitini hakuwapo. Alikuwa amesimama nyuma ya Bibi Katarina, katikati ya kina mama, amejifunga kanga kiunoni, analia na kumtazama mama yake bila kupepesa. Antonia naye machozi yakamtoka, na woga wote wa mwaka mzima ukamwisha.

"Si mchezo, bibi. Ni shamba langu la Sigino. Nimenyang'anywa."

"Na nani?"

Antonia hata hakupata nafasi ya kutaja jina. Wolfgang aliinuka mwenyewe, akafunga kifungo cha koti, akaelekea mlangoni harakaharaka, na ukumbi mzima ukamtazama anavyokwenda. Mlangoni kina mama walikuwa wameshakaa chini, wameziba njia.